Tarehe 26 wote mko nyumbani

Wadogo zangu wa Njombe na Makambako, pamoja na nyie mlioingia na mabasi ya Dar wiki hii mmevaa viblauzi vyepesi, mkasahau kwamba Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari na mvua ya Desemba haimwonei mtu huruma. Azimeni masweta, tuongee.

Kinachonisumbua ni tarehe 26, siku baada ya Krismasi. Ofisi zimefungwa, ibada kubwa imepita, na ukoo mzima uko nyumbani, jambo ambalo hutaliona tena mpaka Desemba nyingine au msiba. Siku hiyo tunaitumiaje? Akina kaka wako kilabuni tangu saa nne asubuhi, walianza na mtogwa, ulanzi mtamu, sasa wako kwenye mkangafu, ule mkali. Wasichana wanasugua masufuria ya Krismasi. Watoto wamejikunyata na simu.

La jikoni nalimaliza haraka: aliyepika tarehe 25 asipike tarehe 26. Kaka, viazi mviringo vimejaa mkoa huu, menya, chemsha, tengeneza na chai ya maziwa. Kiporo cha pilau kipashwe moto mpaka katikati ya sufuria, kisilambwe juu juu na moto halafu watoto waumwe matumbo.

Baada ya chai, ingieni shambani mkapande miti. Nasema miti kwa sababu Desemba ardhi imelowa na mche unashika, na kwa sababu mikono ipo. Mwenye kitalu mwambieni tarehe 23, maana sikukuu naye ana wageni. Mashimo yachimbwe kabla. Paina panda kwa mita tatu kwa tatu, ekari moja itachukua kama miche 450. Kiriba kichaneni mkitoe kabisa, msizike plastiki. Milingoti isikaribie chanzo cha maji, inakunywa sana, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo. Kama eneo ni dogo, wekeni parachichi zilizobebeshwa. Hizo zinaanza kuwalipa baada ya miaka kama mitatu, wakati paina inataka uvumilivu wa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo familia nyingi zinapovunjika. Kabla ya mche wa kwanza, kaeni na wazee muulizane: miti hii ni ya nani? Wakati wa kupanda kila mtu anacheka. Siku mnunuzi anapokuja na msumeno, mjomba anasema ardhi ni yake, kaka mkubwa anasema miche alinunua yeye, na dada aliyeolewa Makambako anaambiwa hana chake, hata kama alipinda mgongo siku nzima kwenye mvua. Andikeni karatasi. Eneo lipi, miche mingapi, nani alitoa hela, nani alitoa nguvu, watagawanaje. Mashahidi watie sahihi, na ofisi zikifunguliwa mpeleke nakala kwa mtendaji wa kijiji. Wasichana, majina yenu yawemo. Usione aibu kuliuliza hilo mbele ya baba. Ni rahisi kuliuliza siku hiyo akiwa na furaha ya kuwaona wote kuliko kulipeleka baraza la ardhi baadaye.

Kwenye karatasi hiyohiyo aandikwe atakayepalilia mvua zikiendelea, na atakayesafisha njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi. Mkiondoka wote mkamwachia bibi, moto wa Septemba utakula kazi yenu mchana mmoja. Anayebaki kijijini alipwe, au fungu lake liongezwe.

Mchana mkishanawa, tembeeni. Walio Njombe wapelekeni watoto wakaone maporomoko ya Luhuji, yako pale pale mjini. Mawe yanateleza msimu huu, mshikeni mkono kila mtoto. Wa Makambako, ni kama kilomita 60 tu za lami. Njiani nunueni mafyulisi kwa mama wa barabarani bila kumbana bei, naye ana sikukuu. Wenye babu anayejua habari za msitu wa Nyumba Nitu, mketisheni asimulie, na mmoja wenu arekodi kwa simu.

Usiku ndio nauhofia. Kuna mume anayefanya kazi Dar na mke aliyebaki hapa, hawajaonana tangu Pasaka. Kuna kijana na mchumba wake wa shule, wanakwenda disko. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha Njombe ndiyo mkoa wenye maambukizi makubwa ya VVU kuliko yote, asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Nawapenda, kwa hiyo nasema wazi: kondomu zinunuliwe mapema, duka la dawa linaweza kufunga saa kumi. Na wewe mwenye mwenzi aliyerudi, mwambie jioni hiyo, kwa upole, mkiwa wawili: "Kabla hujapanda basi, twende tukapime pamoja." Kupima ni bure kwenye vituo vya serikali, na atakayekutwa na virusi ataanzishiwa dawa, ataishi na kulea. Tiketi ya kurudi ikatwe ya siku ambayo zahanati itakuwa imeshafunguliwa.