NYUMBA MBILI ZA KINYONGA
(Somo la biolojia)

Wengi wetu tukimkuta kinyonga njiani tunamtupia mawe. Tunasema ana sumu. Hapana, hana sumu hata kidogo. Sisi wa darasa la tatu tulimpenda mmoja, lakini tulimuua vilevile, juu ya kutojua. Tulimfungia ndani ya bokali ya kioo, tukaiweka kwenye jua. Saa sita alikuwa amekwisha kufa. Kisha tulijifunza haya:

1. Nyumba ya inje. Tunaunga mabao: sentimeta 120 kwenda juu, sentimeta 60 kila upande, sababu kinyonga ni mtu wa kupanda. Pande zote tunafunga wavu laini. Waya mkali unamuumiza vidole, na tundu kubwa linapitisha nyoka. Ndani tunaweka matawi membamba na majani mengi. Nusu ya nyumba ipate jua la asubuhi, nusu ingine ibaki kivulini, achague mwenyewe. Miguu ya nyumba tunaisimamisha ndani ya mikebe ya maji, siafu wasipande usiku.

2. Nyumba ya ndani. Ni ya wakati wa mvua kubwa. Nayo ni ya wavu, hewa ipite, mbali na moshi wa jiko. Tusidanganyike na jua la dirishani: kioo kinazuia nuru ile inayosaidia mwili kujenga mifupa. Basi mvua ikikatika, tumrudishe inje.

3. Maji na chakula. Maji ya sahani hayaangalii. Tunanyunyizia majani asubuhi na jioni, naye analamba matone. Tunamletea panzi na inzi, lakini si wa shamba lililopigwa dawa.

4. Kila mmoja na nyumba yake. Madume wawili watapigana. Jike mwenye mayai anaomba udongo wenye unyevu, kina cha sentimeta 20 au zaidi, achimbe.

5. Alama ya hatari. Akipauka rangi na kuacha kinywa wazi, joto limemzidi. Mpelekeni kivulini mara moja.

Kinyonga wetu wa pili tulikaa naye miezi miwili. Kiisha tulimrudisha kwenye kichaka kilekile tulikomtoa. Alipanda tawi pole pole, wala hakutuangalia nyuma. Hatukusikitika.

Maulizo: Kwa nini bokali ilikuwa kaburi? Kwa nini tunaacha kivuli? Nani atatengeneza nyumba kabla ya kukamata mnyama?