Karatasi Mbili za Dainomita: Namna ya Kulinganisha Nguvu ya Gari la Turbo

Mkulima wa pamba wa Bunda hakubali mzigo wake upimwe asubuhi kwa mizani moja na jioni kwa mizani nyingine, kisha alipwe kwa kutegemea tofauti ya vipimo hivyo viwili. Hutaka mizani moja, iliyokaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, na husimama kando kuangalia mshale. Mtu huyohuyo, akinunua gari la turbo au akilipeleka kwa fundi liongezwe nguvu, huweza kupokea karatasi mbili zilizotoka kwenye mitambo miwili, katika miji miwili, na akalipa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya tofauti iliyoandikwa humo. Somo hili linamhusu mlaji huyo.

Magari tunayoyazungumzia yanafahamika vyema Iringo, Nyasho na kando ya barabara ya Makutano: Subaru Forester, Impreza na Legacy zenye turbo, zilizotumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Wapo wanaozinunua kwa sababu ya nguvu zake, na wapo wanaotaka nguvu zaidi. Fundi hubadili programu ya kompyuta ya injini, huongeza mgandamizo wa hewa ya turbo, pengine hubadili bomba la moshi na pampu ya mafuta. Kazi ikimalizika, gari hupandishwa juu ya dainomita, yaani mtambo wenye roli zinazozungushwa na magurudumu ya gari, nao mtambo hukokotoa nguvu na kuchapisha mchoro. Mchoro huo ndio bidhaa anayoiona mteja. Injini yenyewe haioni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mnunuzi wa Bunda ana Forester ya lita 2.0 yenye turbo, ambayo mtengenezaji wake aliiandikia PS 220, sawa na kilowati 162. Aliwahi kuipeleka Nairobi kupitia Sirari, ikapimwa kabla ya kufanyiwa chochote, akapewa karatasi yenye nguvu farasi 148. Miezi kadhaa baadaye aliipeleka Dar es Salaam, fundi akaifanyia kazi, ikapimwa huko na kutoa 218. Fundi alimwambia: “Kaka, umeongeza farasi sabini.” Bei ya kazi ilikuwa shilingi 1,800,000, na mnunuzi aliona amepata zaidi ya alicholipia.

Tuzisome karatasi zake kwa utulivu.

Jambo la kwanza ni kizio. Ile 148 ya Nairobi imeandikwa kwa nguvu farasi ya Kiingereza, ambayo ni wati 746 hivi. Ile 218 ya Dar es Salaam imeandikwa PS, nguvu farasi ya metriki inayotumiwa na Wajapani na Wajerumani, ambayo ni wati 735.5. Tofauti ni ndogo, kama asilimia 1.4, lakini daima humpendelea anayetaka tarakimu kubwa. PS 218 ni nguvu farasi 215. Tumeshapoteza farasi watatu, na bado hatujaligusa gari. Kwa sababu hiyo tunapendelea kilowati: hazina ndugu wa kufanana naye jina.

Jambo la pili ni zito zaidi. Je, nguvu imepimwa wapi? Dainomita ya roli hupima nguvu inayofika magurudumuni. Kati ya injini na roli kuna klachi au gia ya otomatiki, kuna difu, shafti na matairi, na kila kimoja hula sehemu yake kwa msuguano. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hupoteza zaidi kuliko linaloendeshwa kwa mawili. Tarakimu ya mtengenezaji, ile PS 220, ni ya injini peke yake. Ili karatasi ifanane na ya mtengenezaji, baadhi ya mafundi huiagiza programu ya mtambo iongeze asilimia fulani kufidia upotevu huo. Asilimia hiyo mara nyingi haipimwi, huchaguliwa. Mtu mmoja huweka 15, mwingine 20, mwingine 25. Katika mfano wetu karatasi ya Nairobi ni ya magurudumuni, na ya Dar es Salaam ni ya injini baada ya kuongezewa asilimia 25. Gawanya 215 kwa 1.25, unapata 172. Hiyo ndiyo nguvu iliyofika kwenye roli.

Basi wale farasi sabini sasa ni 24: 172 kutoa 148. Nao hao 24 hatuwezi kuwahesabu wote kuwa kazi ya fundi, kwa sababu kuna jambo la tatu, ambalo sisi wakazi wa Mara tuna sababu maalumu ya kulielewa.

Injini huchoma petroli kwa kutumia hewa, na hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda juu. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata aliyesimama ufukweni Musoma yuko juu ya kilomita moja ya hewa ambayo mkazi wa Dar es Salaam anayo. Kanieneo ya hewa ya Dar es Salaam ni takriban hektopaskali 1,013. Ya Musoma ni 885 hivi. Ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, ni 830 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia upungufu huo: ikihamishwa kutoka pwani hadi Musoma, hupungua kama asilimia 12 au 13.

Turbo hubadili hesabu. Tuseme turbo husukuma hewa kwa kanieneo ya kilopaskali 80 juu ya ile ya nje. Pwani injini hupata 101 na 80, jumla 181. Musoma hupata 88.5 na 80, jumla 168.5. Upungufu ni asilimia 7 tu. Magari ambayo kompyuta zake huilenga kanieneo kamili, bila kujali ya nje, hupoteza pungufu zaidi ya hapo, ingawa turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na hewa hutoka ikiwa ya moto zaidi. Kwa hiyo sehemu ya wale farasi 24 ilipatikana gari liliposhuka kutoka Nairobi hadi pwani. Ni ngapi? Karatasi zile mbili haziwezi kutuambia, na fundi anayedai anajua anakisia. Mnunuzi atakaporudi Bunda, sehemu hiyo itabaki Dar es Salaam.

Ili kusawazisha tofauti za hewa, ziko kanuni za marekebisho. Zinazotajwa sana ni SAE J1349 ya Marekani na ISO 1585 ya kimataifa, ambazo zote huchukua hewa kavu ya kilopaskali 99 na nyuzi joto 25 za Selsiasi kuwa hali ya kawaida. Ni kanuni nzuri zikitumika palipokusudiwa. Lakini ukizitumia kwa gari lililopimwa kwenye hewa ya Musoma, huongeza takriban asilimia 17 kwenye matokeo. Gari lililotoa 160 huandikiwa 187. Kwa injini isiyo na turbo nyongeza hiyo ina mantiki. Kwa injini ambayo turbo yake tayari imefidia sehemu kubwa ya upungufu, ni kumlipa mtu mara mbili kwa kazi moja. ISO 1585 yenyewe huweka mipaka ya kizidisho kati ya 0.93 na 1.07, na hutaka kizidisho kikitoka nje ya mipaka hiyo, hali ya hewa ya wakati wa kipimo iandikwe bayana katika taarifa. Gari likipimwa popote kando ya ziwa letu, mipaka hiyo itavukwa. Karatasi isiyotaja joto, kanieneo na kizidisho ni karatasi pungufu, hata ikiwa imechapwa kwa rangi.

Mengine tutayapitia kwa ufupi. Kipimo cha kwanza, injini ikiwa imepoa, hutoa nguvu kubwa kuliko cha tatu, kwa kuwa kipoza hewa ya turbo kimeshapata moto. Feni dogo mbele ya gari huongeza tatizo. Upepo wa matairi na namna gari lilivyofungwa mikanda hubadili msuguano kwenye roli. Gia iliyotumika nayo ina athari. Iliyo karibu na moja kwa moja, mara nyingi ya nne, ndiyo inayofaa, na itumike ileile kabla na baada. Hata mitambo ya watengenezaji tofauti, ikipima gari moja siku moja, haitoi jibu moja. Hilo si lazima liwe udanganyifu. Udanganyifu huanza pale anayejua haya anapoziweka karatasi mbili mezani kana kwamba ni pacha.

Tungependa pia msomaji aache kuitazama tarakimu ya kileleni peke yake. Nguvu ya juu kabisa ya injini hizi hupatikana kwenye mizunguko zaidi ya 5,000 kwa dakika, na dereva wa kawaida kati ya Bunda na Musoma hafiki huko ila kwa nadra, labda anapolipita lori. Muda mwingi injini yake iko kati ya 2,000 na 3,500. Tumeona michoro ambayo kilele kimepanda huku sehemu ya chini ikishuka kuliko ilivyokuwa: gari la namna hiyo huwa zito kuondoka. Omba mistari yote miwili, wa kabla na wa baada, ichorwe kwenye karatasi moja.

Na kuna suala la usalama wa injini, ambalo dainomita inaweza kulificha kwa muda. Injini nyingi za turbo za Japani zilikusudiwa petroli ya okteni ya juu inayouzwa huko. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya kiwango hicho. Fundi akiongeza kanieneo ya turbo na kuwahisha cheche bila kuzingatia hilo, gari litatoa tarakimu nzuri kwa sekunde chache za kipimo, kisha litaanza kugonga kwenye mlima siku ya joto, na pistoni haitarudishwa na karatasi. Kwa hiyo uliza kipimo kilifanywa kwa mafuta gani, na udai kumbukumbu ya uwiano wa hewa na mafuta pamoja na ya kugonga kwa injini. Fundi makini huwa anazo. Aidha, mjulishe mwenye bima yako kwamba gari limebadilishwa. Kunyamaza kunaweza kuwa kisingizio cha kukunyima fidia.

Mnunuzi wetu angefanyaje, basi? Angekubaliana na fundi kwa maandishi, kabla ya kulipa, kwamba gari lingepimwa kwenye mtambo uleule, siku ileile, kwa gia ileile, mara tatu kabla ya kazi na mara tatu baada ya kazi, na kwamba angepewa matokeo ya magurudumuni yasiyofanyiwa marekebisho pamoja na yaliyorekebishwa. Ahadi ya nyongeza ingeandikwa kwa kilowati. Naye angedai risiti. Kupima mara mbili huongeza gharama, ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya shilingi 1,800,000.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara, na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au huduma. Mlaji anayeona ameuziwa tarakimu zisizokuwapo aanze kwa kumwandikia mtoa huduma, abaki na nakala, kisha awasilishe malalamiko Tume ya Ushindani akiambatisha karatasi zote, mkataba na risiti. Asiache nyumbani karatasi ya kwanza kwa kudhani ya pili inatosha.

Zoezi. Gari moja lina karatasi mbili. Ya kwanza: kilowati 118 magurudumuni, bila marekebisho. Ya pili, baada ya kazi ya fundi, mtambo uleule: PS 172 magurudumuni, baada ya marekebisho ya kuongeza asilimia 6. Je, nguvu imeongezeka kiasi gani?

Jibu. PS 172 ni kilowati 126.5. Ukigawanya kwa 1.06 unapata 119.3. Tofauti ni kilowati 1.3, yaani karibu asilimia 1, kiasi ambacho gari hilohilo linaweza kutofautiana lenyewe kati ya kipimo kimoja na kinachofuata.