Maji Ndiyo Adui wa Njia

1. Kuzaa si kulea

Watoto, kila siku mnapita njiani. Mnafuata kijia cha kwenda shuleni, cha kwenda mtoni, cha kwenda shambani. Nani alikichimba? Pengine hakuna. Mguu ulifuata mguu, majani yakafa, udongo ukawa mgumu: kijia kimezaliwa.

Lakini kuzaa si kulea. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapenda kupita pale tunapopita sisi. Yanachukua udongo kidogo leo, kidogo kesho. Kijia kinakuwa mfereji, na mfereji unakuwa korongo. Watu wa Bukavu wanajua jambo hili vizuri, maana makorongo yamekula viwanja na nyumba.

Leo tutasoma habari za watu wa nchi za mbali ambao wanatunza vijia vya mlimani kwa mikono yao, bila mshahara. Wanavitunza kwa ajili ya baisikeli. Nchi yao si yetu, lakini maji yanashuka mlimani kwao kama yanavyoshuka kwetu.

2. Baisikeli inapanda mlima

Kwetu baisikeli, ambayo wengine huiita kinga na wengine velo, ni chombo cha kazi. Inachukua makaa, ndizi na vidumu vya mafuta. Katika nchi nyingine watu huipanda pia kwa mchezo, kama sisi tunavyocheza mpira.

Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, katika California, nchi ya Marekani, walitafuta baisikeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene. Walizipandisha mlimani, kisha wakashuka mbio. Mwezi wa Oktoba 1976 walianza kushindana kwenye barabara moja ya udongo yenye mteremko mkali. Breki zao zilikuwa zile za kurudisha pedali nyuma. Zilipata moto sana hata girisi ikaungua na kutoa moshi. Walipofika chini ilibidi wafungue gurudumu na kutia girisi mpya. Kwa hiyo mteremko ule uliitwa Repack, maana yake ni kujaza tena. Mwaka 1977 kijana mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza baisikeli mpya kwa kazi ya mlima hasa. Baada ya miaka michache baisikeli za namna hiyo zilienea katika nchi nyingi.

3. Ugomvi wa njia

Sasa shida ilianza. Vijia vilikuwa vyembamba, na watu wa baisikeli walikuwa wengi. Wenye kutembea kwa miguu waliogopa kugongwa. Wenye kupanda farasi walilalamika. Wengine walisema kwamba magurudumu yanaharibu udongo. Basi wakubwa wa mahali pengi walifunga vijia: baisikeli marufuku.

Wapanda baisikeli wangefanya nini? Kukasirika ni rahisi, tena kupita kwa siri usiku ni rahisi. Lakini wenye akili walikumbuka neno ambalo wazee wetu pia wanalijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakungoja kupewa jembe, walilishika wenyewe. Mwaka 1988 vyama vya California viliungana na kuanzisha chama kikubwa, kwa kifupi IMBA. Chama hicho kilifundisha watu kuendesha kwa adabu, kuwapisha wengine njiani, na kutengeneza njia ambayo haiharibiki upesi.

4. Mambo manne ya njia nzuri

Fundi wa njia hatazami baisikeli kwanza. Anatazama maji. Anajiuliza: mvua ikinyesha hapa, maji yatakwenda wapi?

La kwanza: njia isishuke moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Ipite ubavuni mwa mlima. Kama mlima unapanda hatua 2 katika kila hatua 10, njia isipande zaidi ya hatua 1 katika hatua 10, maana yake nusu ya ukali wa mlima. Ikizidi nusu, maji yataacha mlima na kufuata njia.

La pili: ukingo wa nje uwe chini kidogo kuliko ukingo wa ndani. Kama njia ina upana wa metre 1, ukingo wa nje uwe chini kwa sentimetre 5 hivi. Mpandaji haoni tofauti, lakini maji yanaiona. Yanavuka njia na kwenda zake majanini.

La tatu: njia inayoshuka iinuke kidogo mara kwa mara, kisha ishuke tena. Pale inapoinuka, maji hayawezi kuendelea. Yanatoka nje yakiwa bado machache, hayana nguvu.

La nne: udongo unaochimbwa utupwe mbali upande wa chini. Ukiachwa kwenye ukingo wa nje, unakuwa ukuta mdogo. Ukuta huo unazuia maji yasitoke, na njia inageuka mfereji.

5. Milima ya Vancouver

Katika Kanada, upande wa magharibi karibu na bahari, uko mji wa Vancouver. Kaskazini ya mji kuna milima yenye misitu mizito, kama Fromme na Seymour. Mvua ni nyingi sana huko: chini ya milima hiyo hupita milimetre 2000 kwa mwaka.

Katika miaka ya 1980 na 1990 wapenda baisikeli walichimba vijia vingi katika misitu hiyo. Penye matope na mashimo walijenga madaraja ya mti, yaliyofanana na ngazi iliyolazwa. Kazi yao ilisifiwa na wapanda baisikeli wa nchi nyingi. Lakini vijia vingi vilichimbwa bila ruhusa ya mwenye ardhi. Wakubwa wa mji waliuliza: "Mtu akivunjika mguu, nani atajibu? Udongo ukiporomoka na kuingia mtoni, nani atajibu?" Jasho la miaka mingi lilikuwa katika hatari ya kupotea.

Ndipo mwaka 1997 walianzisha chama cha baisikeli cha milima ile. Walitoka mafichoni. Walianza kusema na wenye ardhi, kuomba ruhusa, na kuita watu kwa kazi mchana kweupe. Mbao za zamani zilioza, kwa sababu mvua haina huruma. Mahali pengi waliziondoa na kutumia mawe na udongo mgumu. Jiwe likipangwa vizuri halichukuliwi na maji.

6. Siku ya kazi

Siku ya kazi ikoje? Watu wanakutana asubuhi: mwalimu, fundi wa umeme, mwuguzi, mwanafunzi. Sisi katika Kongo tunajua salongo, siku ambayo watu wanaitwa kufyeka na kufagia. Wale hawaitwi na mkubwa. Hakuna faini kwa asiyekuja. Wanakuja kwa sababu wanapita njia hiyo.

Wengine wanakata matawi. Wengine wanaondoa mti ulioanguka. Wengine wanazibua mifereji iliyojaa majani, na kuondoa ule ukuta mdogo wa ukingoni. Wengine wanabeba mawe. Jioni mgongo unauma, na njia haionekani kuwa na kitu kipya. Lakini mvua ya usiku ikija, maji yanatoka.

Chombo chao kimoja ni cha ajabu: upande mmoja ni shoka, upande wa pili ni jembe dogo, na mpini ni mmoja. Kinaitwa pulaski, kwa jina la Ed Pulaski, mlinzi wa misitu katika Idaho, Marekani. Mwezi wa Agosti 1910 moto mkubwa uliwazunguka watu wake zaidi ya 40. Aliwaongoza mpaka ndani ya shimo la mgodi, akawazuia wasitoke, akapigana na moto mlangoni. Wachache walikufa, lakini wengi waliokoka. Baadaye chombo hicho alichokitengeneza kilienea kati ya wazima moto na watengeneza njia.

7. Kuongeza njia mpya

Kila mtu anapenda njia mpya. Kuchimba ni furaha, kutunza kunachosha. Kwa hiyo kabla ya kuongeza, wenye busara wanajiuliza maneno matatu. Mwenye ardhi amekubali? Maji yatakwenda wapi? Na mwaka ujao nani atakuja na jembe?

Swali la tatu ni gumu kuliko yote. Ukiwa na mikono ya kutunza njia tano, usichimbe ya sita. Njia isiyo na mtunzaji inakuwa jeraha la mlima.

Tena, watumiaji wote wana kazi, hata wasio na jembe. Mtu akikuta tope katikati ya njia hukwepa kando. Wa pili anakwepa mbali zaidi. Hivyo kijia cha hatua moja kinakuwa tope la hatua sita. Udongo ukiwa umelowa sana, mpandaji mwema anangoja ukauke.

Tujaribu

Fanyeni kilima cha udongo nyuma ya shule, kifike magotini. Upande mmoja choreni njia kwa kidole, moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Upande wa pili choreni njia inayozunguka polepole ubavuni, na ukingo wake wa nje uwe chini kidogo. Toboeni kopo matundu madogo chini, litieni maji, nyesheni mvua pande zote mbili. Tazameni njia ipi imekuwa mfereji. Kisha nendeni mkatazame kijia cha shule yenu.

Maneno ya kujifunza

Ukingo: mwisho wa kitu upande wa nje.
Mteremko: mahali panaposhuka.
Korongo: shimo refu lililochimbwa na maji.
Kukwepa: kupita kando ili usikutane na kitu.
Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari, bila kulipwa.

Maulizo

1. Kwa nini vijia vingi vilifungwa kwa baisikeli?
2. Mlima unapanda hatua 4 katika hatua 10. Kwa kanuni ya nusu, njia isipande zaidi ya hatua ngapi?
3. Ukuta mdogo wa udongo ukingoni una hatari gani?
4. Wapanda baisikeli wa Vancouver walibadili nini mwaka 1997?
5. Tofauti ya salongo na kazi ya watu hawa ni nini?
6. Katika kijia cha kuja shuleni, maji yanaingia wapi, na yangeweza kutolewa wapi? Chora picha.
7. Eleza maana ya neno hili: kuzaa si kulea.