PIKAPU YA ZAMANI NA TELA: PIGA HESABU HII KABLA HUJALIPA FUNDI

Oda zikianza kuwa nyingi, wazo la kwanza la mwenye pikapu ni hili: nifunge tela, nibebe mzigo mara mbili kwa safari moja. Mimi sio fundi, nina duka la vyombo na nauza mtandaoni, ila hesabu hii nimejifunza kwa mafundi na nimeihakikisha kwenye gari langu mwenyewe.

Usiulize "itavuta?" Karibu kila pikapu itavuta. Uliza "itasimama?" Mteremko wa Kitonga au Sekenke haujali injini yako ina nguvu kiasi gani.

TAFUTA NAMBA 4
Angalia kibati cha mlangoni au chini ya boneti, na kitabu cha gari. Ukikosa, peleka namba ya chesesi kwa wakala wa hiyo gari.

1. Uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo.
2. Uzito wa gari likiwa tupu. Hapa pita kwenye mizani, maana bodi na bomba za kuongezea zina uzito wake.
3. Uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja.
4. Uzito wa tela unaoruhusiwa. Mara nyingi namba ni mbili: tela lenye breki zake na tela lisilo na breki. Lisilo na breki huwa ndogo sana, kwa pikapu nyingi ni kg 750.

HESABU YA MFANO
Tuseme gari mwisho wake ni kg 2,700, likiwa tupu ni kg 1,600. Nafasi uliyonayo ni kg 1,100.

Watu wawili: 150
Mafuta: 50
Mzigo wa nyuma: 700
Tela lenye mzigo ni kg 1,200. Karibu asilimia 10 yake inakandamiza gari pale linapofungwa: 120

Jumla ni kg 1,020. Umepita, zimebaki 80.

Sasa gari na tela pamoja: 1,600 + 150 + 50 + 700 + 1,200 = kg 3,700. Kama mwisho ni 3,900, umepita tena.

Lakini tela halina breki, na mwisho wake ni 750. Hapo UMEFELI, hata kama zile mbili umepita. Namba ndogo kuliko zote ndiyo bosi. Na chuma cha kufungia tela nacho kina kikomo chake, kiangalie.

GARI LA ZAMANI LINA MAMBO YAKE
Zile namba ziliandikwa gari likiwa jipya. Kabla ya kuziamini, mwambie fundi aangalie:

• Kutu na nyufa kwenye chesesi, hasa pale tela litakapofungwa.
• Breki, pamoja na mafuta ya breki. Yakizeeka yanavuta unyevu, na kwenye mteremko mrefu yanaweza kuchemka. Ukikanyaga, pedeli inazama tu.
• Springi za nyuma. Nyuma ikikaa sana, mbele inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Hiyo ni hatari.
• Rejeta na klachi.
• Tairi. Soma tarakimu 4 za mwisho kwenye namba ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka.

KUPAKIA
Mzigo mzito weka chini, katikati, ukiegemea mbele kidogo ya ekseli ya tela. Ukijaza nyuma, tela litaanza kuyumba kushoto kulia, na likianza hivyo kwenye mwendo mkali linaweza kuligeuza gari. Funga cheni za usalama, hakikisha taa zinawaka. Mwendo punguza: ukitoka 40 kwenda 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa kama mara nne.

SASA BIASHARA
Tela tupu la kg 400 lisilo na breki, kwenye kikomo cha 750, linakuachia kg 350 za mzigo. Hiyo ni sawa na mifuko 7 ya simenti. Chukua bei ya tela, kulifunga, usajili wake na mafuta yatakayoongezeka, linganisha na kukodi kirikuu siku za mzigo mwingi tu. Kwa wengi wetu kirikuu kinashinda. Kama unabeba mzigo mzito kila wiki, basi nunua tela lenye breki.

Na bima: uliza kama inagusa tela, na jibu ulipate kwa maandishi. Mzigo wa mteja ukimwagika barabarani unalipika. Mtu aliyekuwa anavuka barabara halipiki.

Mtumie mwenzako mwenye pikapu kabla hajaenda kwa mchomeleaji.