Kabla Boti Haijang'oa Nanga: Vidokezo kwa Msafiri wa Baraka

Watu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, hawakungoja watalii wawafundishe kupanda boti. Barabara ya Uvira hadi Baraka, karibu kilomita 90 za matope, madaraja yanayochukuliwa na mito na vizuizi vya kila aina, imewafanya wengi walione Ziwa Tanganyika kuwa ndiyo njia ya kwanza. Lakini safari fupi ya majini ni raha pia: Jumapili ya kwenda Ubwari kumwona shangazi, arusi ya Mboko, au nusu siku tu ya kupunga upepo na watoto. Safari iwe ya nini, boti hupimwa miguu yako ingali kwenye mchanga. Pale ufukoni pesa bado iko mfukoni mwako na unaweza kukataa. Boti ikishatoka, neno lako halina nguvu tena.

1. Ijue ghuba kabla ya kuchagua safari.

Baraka imekaa ndani ya ghuba. Ng'ambo yake kuna Ubwari, rasi ndefu iliyoshikana na bara upande wa kusini na kuelekeza ncha yake kaskazini. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1858 walidhani ni kisiwa, na ukikaa ndani ya boti katikati ya maji utaelewa kwa nini. Kwako wewe msafiri, Ubwari ni kinga. Mawimbi ya ziwa kubwa yanavunjikia upande wake wa nje, na ndani ya ghuba maji huwa tulivu zaidi. Kuvuka kwenda kijiji cha Ubwari na kurudi siku hiyo hiyo ndiyo safari nzuri ya kuanzia, hasa kwa mtoto, mzee au mtu anayechafukwa na roho haraka.

Kwenda Uvira, mpaka bandari ya Kalundu, unatoka ghubani na kufuata pwani kuelekea kaskazini, milima ikiwa kushoto kwako muda wote. Siku ya utulivu hakuna safari ninayoipenda kuliko hiyo. Kwenda Kazimia au Kalemie ni habari nyingine: boti inapanda kwanza kaskazini, inazunguka ncha ya Ubwari, kisha inageukia kusini kwenye ziwa wazi. Usiiite safari fupi hata kama nauli ni nyepesi.

2. Waulize wavuvi hali ya upepo.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kulisukuma ziwa kwa urefu wake wote. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, kwa hiyo wimbi linapofika kwetu limepata nafasi ya kukua. Miezi ya mvua hatari ni dhoruba: mchana mweupe, kisha wingu jeusi linashuka milimani na kabla hujafunga mzigo maji yamegeuka. Wavuvi wa ndagala wanaorudi alfajiri wametoka huko huko unakotaka kwenda. Nenda pale wanapoanika nyavu, salimia vizuri, uliza: "Papa, ziwa limeamkaje?" Wakikwambia ngoja, ngoja. Mwenye boti anataka nauli yako, mvuvi hana faida yoyote katika jibu lake.

Na uondoke asubuhi. Usiku una uzuri wake, taa za wavuvi zikiwa zimetandaa juu ya maji wakati mwezi umefichama, lakini mtu aliyeanguka majini gizani ni vigumu mno kumwona.

3. Tazama mizigo, kisha utazame tena.

Hiki ndicho kidokezo ninachotaka ukishike kama huna nafasi ya kushika vingine. Boti za kwetu hubeba mali kwanza na watu baadaye: magunia ya unga wa muhogo, bidoni za mawese, ndagala kavu, karanga za Lulenge, mchele, makasha ya soda, baiskeli, pengine mbuzi watatu. Hakuna ubaya, bila biashara hiyo boti zisingekuwepo. Ubaya unaanza kiasi kinapopitwa.

Simama pembeni, usisimame mbele, ukaangalie ubavu wa boti. Ukingo uko juu ya maji kiasi gani? Mtu akikanyaga na kuingia, ubavu unashuka kidogo au unazama kwa kishindo? Sasa ingoje boti nyingine ipite na kutuma kiwimbi. Ikiwa kiwimbi hicho cha ufukoni kinakaribia kuruka ndani, wimbi la katikati litaingia bila hodi.

Angalia pia mzigo umekaa wapi. Bidoni na magunia mazito yanatakiwa chini, katikati, yamefungwa. Ukiona magunia yamepangwa mpaka juu, na abiria wamekalia magunia, uzito wote umepanda kichwani mwa boti. Boti ya namna hiyo haihitaji dhoruba ipate kupinduka. Inatosha watu kukimbilia upande mmoja kwa sababu ya jua, mvua, au pwani iliyoonekana.

Ajali tumeziona. Desemba 2014 meli iliyoitwa Mutambala, jina la mto wetu na la sekta moja ya Fizi, ilizama upande wa Katanga katika upepo mkali, na watu zaidi ya 120 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, na kila mtu alitaka kupanda. Hali hiyo sisi wa Fizi tunaijua, kwa hiyo tuikumbuke hasa siku ambazo barabara haipitiki na ufuko umefurika watu.

Ukiona imejaa, usipande, na usikatae kimya kimya. Zungumza na mama wafanyabiashara. Wao ndio wateja wa kila wiki, na kapiteni anawaogopa kuliko anavyoliogopa neno la mgeni. Mama watatu wakishusha mizigo yao na kukaa chini ya mwembe, magunia yatapunguzwa.

4. Jaketi uivae, usionyeshwe tu.

"Majaketi yapo" ni jibu la kila boti. Uliza yako iko wapi. Ichukue, ivae, funga kamba zote, vuta mabegani kwa nguvu: ikipanda mpaka masikioni ni kubwa mno kwako, na ukiwa majini itakuvuka. Kwa mtoto dai ya mtoto. Jaketi zilizofungwa kwenye kifurushi chini ya turubai, chini ya magunia, hazitamwokoa mtu. Kama unasafiri mara kwa mara, nunua yako. Ni gharama, najua, lakini mtu anayenunua simu ya pili anaweza kununua jaketi ya kwanza.

5. Hakikisha jina lako limeandikwa.

Baada ya Merdi, viongozi walitoa hesabu za waliokufa zisizolingana, na familia zilikaa siku nyingi zikitafuta watu wao, kwa kuwa haikujulikana kwa uhakika ni akina nani walikuwa ndani. Kwenye orodha ya abiria toa jina kamili na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani. Watoto nao waandikwe. Wengi huachwa kwa kuwa hawalipi. Kisha mpigie ndugu huyo, mtajie jina la boti na saa mliyotoka. Beba kadi yako ya mpiga kura, kwani utaulizwa pa kupandia na pa kushukia. Na usipige picha bandarini wala karibu na askari bila ruhusa.

6. Zungumza na kapiteni kabla hajawa na kazi.

Msalimie, mpe heshima yake, kisha uliza maswali manne: petroli inatosha kwenda na kubaki na akiba? Kuna injini ya pili? Kuna mtu wa kufua maji, na kopo la kufulia liko wapi? Simu ya boti ina moto? Kapiteni mzuri hujibu bila kukunja uso, na mara nyingi atakuonyesha kwa mkono. Yule anayecheka au kusema "Mungu atatulinda" na kuishia hapo, mwache aende na Mungu wake, wewe utapanda ya kesho. Tunamwomba Mungu sote kabla ya kuondoka, na maombi hayo yanakwenda sawa kabisa na petroli ya akiba.

Tazama pia mbao za ndani. Maji kidogo chini ya boti ni kawaida. Maji yanayoongezeka boti ikiwa imetulia ni tundu lisilozibwa.

7. Nauli na mzigo vizungumzwe pamoja.

Ugomvi mwingi wa safarini hutokea wakati wa kushuka, mizigo ikiwa tayari mikononi mwa wapagazi. Patana ufukoni: nauli ya mtu, bei ya kila gunia, na ni nani atakayemlipa anayekubeba mgongoni kutoka kwenye maji hadi mchangani. Beba faranga za noti ndogo.

8. Chagua pa kukaa.

Katikati, chini, karibu na ukingo ila usiuegemee. Mbele utarushwa na kulowa. Nyuma utavuta moshi wa petroli njia nzima. Turubai juu ni neema kwa jua la saa sita, lakini likifungwa pande zote linashika upepo na kumzuia mtu kutoka. Omba upande mmoja uachwe wazi.

Choo hakipo katika boti nyingi za safari fupi. Nenda kabla, na wanawake wasione haya kuomba kapiteni asimame kijijini.

9. Kula vizuri, na maji ya ziwa usiyanywe.

Muhogo wa kuchemsha na karanga, ndizi, mayai, mikate ya mafuta: hivyo havichafui roho wala havimwagiki. Sombe na bugali viache mpaka ufike. Ukifika, ulizia mkebuka wa kuchoma. Uliovuliwa usiku huo hauhitaji zaidi ya chumvi na pilipili. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yamechemshwa au yametiwa dawa. Ziwa linaonekana safi mpaka unaona mawe chini, na bado pwani yetu, kutoka Uvira hadi Kalemie, inarudiwa na kipindupindu mwaka hata mwaka. Mtoto akitia mkono majini kisha mdomoni, mzuie.

10. Inua macho.

Wengi hukaa wameinamia simu mpaka mtandao ukatike. Chini yako kuna ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Penye kina kikubwa kabisa ni mita 1,470. Ng'ambo, upande wa Tanzania, ni Kigoma. Kutoka huko, Aprili 1965, mwanamapinduzi Che Guevara alivuka usiku na kushukia Kibamba, pwani ya Fizi, akaondoka Novemba mwaka huo huo vita vikiwa vimemshinda. Maji haya haya yaliwavusha maelfu ya watu wa Fizi waliokimbia vita mwaka 1996, na kuanzia 2005 meli ziliwarudisha wengi wao kutoka Kigoma mpaka Baraka. Ukikaa karibu na mzee ndani ya boti, muulize alivuka lini. Sijaona burudani ya safarini inayozidi masimulizi hayo.

Wanaotamani meli kubwa watakutajia Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Kwa miaka kadhaa ilisimama ikihitaji matengenezo, kwa hiyo usipange safari juu yake kabla ya kupata habari kutoka Kigoma.

11. Ukishashuka, itolee hukumu ya haki.

Usiipime boti kwa ulaini wa kiti. Jiulize: iliondoka na watu waliotajwa, au ilichukua wengine njiani mpaka ukingo ukashuka? Upepo ulipobadilika, kapiteni alipunguza mwendo na kusogea pwani, au alishindana nao? Mabaharia waliwashika mkono wazee na mama wenye watoto mgongoni? Mjamzito alipewa kivuli? Bei ya kushukia ilikuwa ile ya kupandia? Boti iliyofika kwa kuchelewa saa mbili kwa sababu ilijificha nyuma ya Ubwari dhoruba ipite, kwangu mimi ndiyo ya kwanza kwa sifa. Abiria wanaoinung'unikia wanamfundisha kapiteni kukimbia siku nyingine.

Kama alifanya kazi nzuri, mwambie mbele ya mabaharia wake. Kama alijaza, mwambie vilevile, kwa adabu, ukiwa na abiria wengine wawili, kisha mfikishie habari mkuu wa bandari. Na jina la boti, jema au baya, lipeleke sokoni Baraka kabla ya siku ya soko, maana huko ndiko watu wanakoamua watapanda ipi.