Habari Ziletwazo na Damu: RNA na Utambuzi wa Saratani ya Titi

Mtu asimamaye ufukweni Paje maji yanapokupwa huona vipande vya mwani vilivyoachwa mchangani. Hakuingia baharini, lakini kwa kuvitazama aweza kukisia hali ya mashamba yaliyo mbele yake. Damu nayo ni kama bahari hiyo. Viungo vya mwili huacha ndani yake vipande vidogo vya vitu vyao, na wanasayansi hujaribu kuvisoma ili watambue maradhi mapema. Makala haya yanaeleza aina moja ya vipande hivyo, yaani RNA, na uhusiano wake na saratani ya titi.

Jambo hili linatugusa. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hiyo, na wapatao 670,000 walifariki kwayo. Katika Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Unguja na Pemba wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa kwa mionzi. Ugonjwa utambuliwapo mapema, matumaini ya kupona huwa makubwa zaidi.

RNA isiyounda protini

Mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba maagizo ya uhai yamo katika DNA, ndani ya kiini cha seli. Seli ihitajipo protini, hunakili sehemu ya maagizo hayo katika RNA mjumbe, nayo huyapeleka kwenye ribosomu, ambako protini huundwa. Lakini sehemu ya DNA ya binadamu yenye maagizo ya protini haifiki asilimia 2. Sehemu kubwa ya iliyobaki nayo hunakiliwa katika RNA, ila RNA hizo haziundi protini.

Je, zina kazi gani? Mwaka 1993 Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mwenye urefu wa milimita 1 hivi, walionyesha kwamba RNA fupi mno yaweza kuizuia RNA mjumbe isifanye kazi yake. RNA za namna hiyo huitwa mikro-RNA, na huwa na nyukleotidi 22 hivi. Hujishikiza kwenye RNA mjumbe inayolingana nazo, protini ikapungua au isiundwe. Kwa ugunduzi huo wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Katika seli ya saratani mpango huo huvurugika. Kwa mfano, mikro-RNA iitwayo miR-21 huzidi katika vivimbe vingi vya titi, na hupunguza protini ambazo kazi yake ni kudhibiti ukuaji wa seli.

Kutoka uvimbe hadi damu

Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba mikro-RNA hupatikana pia katika plazma, na haziharibiki upesi, kwa kuwa zimo ndani ya vifuko vidogo vya mafuta au zimeshikamana na protini. Hupimwa kwa kugeuzwa kuwa DNA, kisha kuzidishwa mara nyingi. Ndiyo njia iliyotumika kupima UVIKO-19.

Hata hivyo yafaa tuwe waangalifu. Kwanza, miR-21 huzidi pia katika saratani nyingine na katika maradhi ya uvimbe wa kawaida. Pili, chembe nyekundu zikipasuka kwa damu kuhifadhiwa vibaya, humwaga mikro-RNA zao na kuharibu kipimo. Tatu, matokeo ya maabara mbalimbali hayajakubaliana vya kutosha.

Kuna pia suala la hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Wanawake 1,000 wanapimwa, na 10 kati yao wana saratani. Kipimo kinawatambua 9 kati ya hao 10, lakini kinakosea kwa asilimia 10 ya wazima. Wazima ni 990, basi 99 wataambiwa kimakosa kuwa huenda wana saratani. Jumla ya walioonywa ni 108, na wagonjwa kweli ni 9 tu. Kipimo kilichoonekana kizuri kimewatia hofu wengi bure.

Kwa sababu hizo, kipimo cha RNA katika damu bado hakijachukua nafasi ya picha ya eksirei ya titi, wala ya kuchungua kipande cha uvimbe kwa darubini. Ni tumaini linaloendelea kufanyiwa kazi. Mwanamke aonaye uvimbe, ngozi ya titi kubonyea, au chuchu kutoa damu, asingoje kipimo cha kesho. Aende hospitali leo. Na mwalimu asiyaone haya kuyasema darasani.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya RNA mjumbe na mikro-RNA.
2. Kwa nini damu iliyokaa juani haifai kwa kipimo hiki?
3. Rudia hesabu ya hapo juu, kosa kwa wazima likiwa asilimia 1. Je, ni wangapi wataonywa, na wangapi kati yao ni wagonjwa kweli?