Mgeni wa Mwaka Mzima

Methali yetu yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hilo lawafaa vijana wetu waendao Ujerumani kukaa na jamaa za huko kwa mpango uitwao opea. Jembe lao ni kulea watoto na kusaidia kazi nyepesi za nyumbani, huku wakijifunza lugha na desturi.

Lakini wazazi wajue kwamba jembe hilo lina kipimo. Kazi isizidi saa 6 kwa siku, wala saa 30 kwa juma. Kijana apewe chumba chake, chakula, bima, na euro 280 za mfukoni kila mwezi. Na mapatano yaandikwe kabla ya safari.

Hata hivyo, haki peke yake haileti undugu. Jioni jamaa wengi hula mkate na jibini tu; kijana aliyezoea chakula cha moto aweza kudhani amenyimwa, akajifungia chumbani kulia. Kumbe ndiyo desturi ya nyumba. Tena kwetu mwenye adabu hunyamaza mbele ya wakubwa; huko anyamazaye hudhaniwa ameridhika. Basi asipoelewa, aulize; akizidishiwa kazi, aseme mapema, kwa upole, akiwa na mapatano mkononi.

Enyi wazazi, tusiwaage watoto wetu kwa neno “Vumilia” peke yake. Tuwafundishe pia kutazama, kuuliza, na kusema kwa heshima. Hivyo aliyeingia mgeni atatoka ndugu.